Masika ya Namba Arobaini na Moja

3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, dakika kumi na mbili kwa saa ya jikoni, kisha jua likatoka kana kwamba halijui lolote.

Ninaandika kwenye daftari ambalo binti yangu hakulitaka kwa sababu kurasa zake zina miraba midogo. Miraba hainisumbui. Shajara yangu ya mwisho niliiacha kwenye droo, katika nyumba iliyo nchi nyingine, miaka arobaini iliyopita. Nilidhani tungerudi baada ya wiki mbili. Siku nyingine hujiuliza kama aliyeivunja ile droo alijua kusoma.

Leo nimeanza kazi. Nina umri wa miaka sabini na mmoja, na kazi yenyewe ni kuosha vyombo vya kioo. Binti yangu anaongoza maabara ya kuvu chuoni: chumba kimoja, madirisha mawili, meza ndefu ya vigae vyeupe, sinki, sufuria kubwa ya mvuke ya kuulia vijidudu, na friji iliyojaa mirija mia mbili na kumi na miwili. Kila mrija una ukungu wa aina moja uliolazwa usingizi kwa baridi. Muosha vyombo ameacha kazi na chuo hakitaki kuajiri mwingine.

"Mama, umri wako ni wa kupumzika," binti yangu alisema.

"Nimepumzika miaka sita. Nimechoka."

5 Machi

Niliandike vizuri jambo lenyewe, nisije nikalisahau.

Watu wakisikia ukungu hufikiria mkate ulioharibika. Lakini penisilini ilitoka kwa ukungu. Dawa inayozuia mwili usiikatae figo ya mtu mwingine ilitoka kwa kuvu wa ardhini, na dawa za kwanza za kupunguza mafuta mabaya kwenye damu zilitoka huko huko. Kule kwetu nilikuwa mgawa dawa wa hospitali kwa miaka kumi na minne. Nilipima penisilini kwa maelfu ya watu bila kumwona mzazi wake hata siku moja. Sasa naishi naye chumba kimoja.

Kipimo chao ni rahisi. Unamwaga agari, uji wa mwani unaoganda kama jeli, kwenye sahani ya kioo, ikiganda unapaka bakteria juu yake, kisha unaweka kipande cha ukungu katikati na kufunika. Baada ya siku nne au tano bakteria wameota kama maziwa yaliyomwagika. Kama ukungu unatoa kitu cha kuwaua, kunabaki nafasi safi kuuzunguka.

Namba 41 waliutoa mwaka jana kwenye magogo yaliyooza nyuma ya kiwanda cha mbao. Ulisafisha nafasi mbele ya bakteria wa vidonda ambao dawa tatu za kawaida zimeshindwa nao. Haikuwa kila mara, ilikuwa sahani sita katika kumi, lakini sita zinatosha kumnyima mtu usingizi. Tarehe 9 Juni kamati ya chuo inakuja. Idara nyingine inakitaka chumba. Kama binti yangu hatawaonyesha kitu, friji itafunguliwa na mirija yote mia mbili na kumi na miwili itaingia kwenye sufuria ya mvuke. Ameniambia hayo huku anakatakata vitunguu, kwa hiyo sikujua alikuwa akililia nini.

9 Machi

Mvua. Nimeosha sahani sitini na nne.

12 Machi

Fundi wa maabara wanamwita Kofia. Ana miaka arobaini na sita na kofia ya sufu ambayo haivui, iwe joto iwe baridi. Akija na mvua anaikung'uta mlangoni, hatua mbili kutoka mezani, kisha anaitundika kwenye ubao wenye misumari ili ikauke, na baada ya nusu saa anairudisha kichwani. Anakula karanga akiwa kazini. Anapiga miluzi juu ya sahani zilizo wazi.

"Mwanangu, hiyo kofia huivui?"

"Mama, mimi na hii kofia tumeoana."

"Basi mke wako ananuka."

Alicheka mpaka akashika meza. Hakuivua.

Nimemwona akifunua sahani kama mtu anayechungulia sufuria kuona wali umeiva. Kwetu mtu kama huyu asingepewa hata ufagio wa chumba cha dawa. Sijamwambia binti yangu. Nitatengeneza mwenyewe.

20 Machi

Nimetengeneza. Meza inapanguswa kwa spiriti asubuhi, mchana na jioni. Mikono inaoshwa hadi kwenye kiwiko. Karanga zinaliwa nje. Sahani inafunguliwa karibu na moto wa taa, upande mmoja tu, na anayeifungua hasemi neno. Kofia ameyapokea yote kwa heshima iliyozidi kipimo.

"Na kupumua, Mama? Tupumue au tusubiri jioni?"

Binti yangu amenipa kazi ya pili. Kamati inataka kumbukumbu zilizoandikwa vizuri, na madaftari ya Kofia yana madoa ya chai, michoro ya sahani, na vialama vya msalaba vya penseli pembeni, vidogo, kama vya mtu aliyekuwa akijaribu ncha. Nitayanakili yote kwa wino kwenye daftari jipya. Hati yangu bado ni nzuri. Niliipata kwa kuandika lebo za chupa, na lebo ikisomeka vibaya mtu anakufa.

21 Machi

Mvua. Kurasa kumi na nne.

2 Aprili

Kofia alitoka kwenda kubeba mtungi wa gesi, akaiacha kofia yake msumarini, imelowa. Nikaichemsha.

Imetoka safi kabisa, na imeruka hadi ukubwa wa kikombe. Aliporudi aliishika kwa vidole viwili, akaitazama mbele na nyuma.

"Mama, umemuua mke wangu."

"Nitakununulia mwingine."

"Huyu nimekaa naye miaka tisa. Alizijua siri zangu."

Mkwe wangu amesikia habari hii wakati wa chakula na sasa anakaa mbali nami. "Mama, na sisi humu ndani utatuchemsha, au ni wa kazini peke yao?" Yeye ni fundi wa pikipiki na kucha zake zina oili tangu siku ya harusi. Nimemwambia zamu yake ni Jumamosi.

Ni raha kuwa na kazi. Nilikuwa nimesahau jinsi siku inavyokuwa fupi.

11 Aprili

Kati ya sahani kumi za wiki hii, mbili tu zimeonyesha nafasi safi. Binti yangu anasema bahati ina siku zake.

12 Aprili

Mvua imetoboa paa la maabara kwenye kona ya ubao wa misumari. Ndoo.

19 Aprili

Sahani kumi. Hakuna hata moja.

24 Aprili

Kumi nyingine. Ukungu umeota vizuri sana, mweupe, mnene, ukingo wake kama kitambaa kilichoshonwa. Bakteria nao wameota hadi miguuni pake, wametulia kama wageni waliozoea nyumba.

Binti yangu amebadilisha agari, amebadilisha joto, ametoa mrija mwingine wa 41 kutoka kwenye friji. Anasema inatokea: ukungu ukifugwa muda mrefu, ukilishwa vizuri kila siku, huacha kutengeneza silaha. "Unakuwa bwege, Mama. Una kila kitu."

Nimemwambia nawajua watu wa namna hiyo.

Hakucheka. Ana mstari kwenye paji la uso ambao baba yake alikuwa nao tulipovuka mpaka, yeye akiwa mgongoni mwangu. Sikuwahi kumwambia kwamba ameurithi.

30 Aprili

Hakuna. Goti linauma upande unakotoka upepo.

6 Mei

Leo nitaandika kirefu, kwa kuwa nimefanya kosa kubwa na nataka liwe na tarehe.

Mvua ilianza saa mbili asubuhi na haikupumzika. Binti yangu alikuwa kwenye mkutano. Aliniachia kazi ya kuhesabu, kwa ajili ya ripoti, ni sahani ngapi za 41 zilizowahi kuonyesha nafasi safi tangu mwanzo. Nilichukua daftari langu zuri na daftari chafu la Kofia ili nilinganishe, maana mgawa dawa anahesabu mara mbili.

Nilipofika ya kumi na saba, mkono ulisimama. Pembeni mwa sahani ya kumi na saba, katika daftari la Kofia, kulikuwa na msalaba wa penseli. Na kwenye ya kumi na sita. Nikarudi nyuma. Kila sahani iliyoonyesha nafasi safi ilikuwa na msalaba. Misalaba mingine michache ilikuwa kwenye sahani zisizoonyesha kitu, lakini hapakuwa na nafasi safi hata moja bila msalaba. Misalaba ilipungua mwishoni mwa Machi. Baada ya tarehe 9 Aprili hakukuwa na hata mmoja.

Katika daftari langu misalaba haikuwepo. Nilikuwa nimeiacha. Niliiona kama uchafu.

Kofia alikuwa kwenye sinki, ananawa hadi kwenye kiwiko kama nilivyomfundisha. Nilimwita akae. Nilimwonyesha alama moja kwa ncha ya kalamu.

"Hii ni nini?"

Alitazama dirisha. "Si kitu, Mama. Nilikuwa najaribu penseli."

"Umejaribu penseli mara ishirini na tatu?"

Alifuta mikono kwenye suruali. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, ikabidi nisogee ili nimsikie.

"Ni zile zilizoingia ukungu mwingine," alisema. "Unafungua, unaweka, unafunika, baada ya siku tatu unakuta pembeni kumeota kitu ambacho hukukipanda. Kitu cha kijani, kama cha ukutani. Kazi niliyotoka nilifukuzwa kwa sahani tatu kama hizo. Tatu! Hapa nikaona nikimwambia Daktari, huyu binti yako, nitaondoka. Lakini kuficha kabisa nako nilishindwa. Kwa hiyo nikaweka alama ndogo. Nilijisemea, akiuliza nitasema. Hakuuliza."

"Na hizo sahani ulizifanyaje?"

"Nilikuwa nakata ile ya kijani na kuitupa kabla Daktari hajaja kusoma. Inabaki nafasi tu."

Nilimwomba anichoree sahani moja kama alivyoikumbuka, kabla hajaikata. Anachora vizuri kuliko nilivyomdhania. Alichora 41 katikati, ile ya kijani pembeni, na nafasi safi ikiwa kati yao, nene upande wa mgeni, nyembamba upande wa pili. Ndivyo zilivyokuwa hata kwenye michoro ya zamani: nafasi safi zenye ubavu mmoja mnene. Binti yangu alidhani bakteria walipakwa vibaya.

Tukatazamana. Nadhani tuliona pamoja, kama watu wawili wanaosikia hodi moja.

41 ulikuwa unatoa silaha kwa sababu kulikuwa na adui mlangoni. Adui huyo alikuwa anaingia kutoka kwa Kofia: kwenye vumbi lake, mikono yake, kofia yake. Mimi nikaja na spiriti. Nikafukuza adui, na 41 ukaweka silaha chini. Kisha nikachukua daftari na kumfuta hata jina.

Kwa muda wa miezi miwili nilimdharau mtu huyu kila asubuhi, nikimjibu "shikamoo" yake kwa nusu ya mdomo. Alikuwa mwongo wa namna ya ajabu: alishindwa kusema ukweli na akashindwa kutouandika. Mimi niliuona ukweli umeandikwa, nikauacha kwa sababu ya unadhifu.

"Mama," alisema, "utamwambia Daktari?"

"Tutamwambia. Wewe la kwako, mimi la kwangu."

"Nani aanze?"

"La kwangu ni kubwa. Nitaanza mimi."

7 Mei

Tumemwambia. Alisikiliza akiwa amesimama. Kwanza alimgeukia Kofia. "Ungeniambia," alisema, mara moja tu. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama, ni nani aliyekwambia uache kitu kilichoandikwa?"

"Hakuna."

"Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angefanya hivyo ningemfukuza darasani."

"Nifukuze."

"Nitakufukuzia wapi? Unalala chumba cha pili kutoka changu!"

Akaketi chini kwenye sakafu niliyoipangusa mimi, akaanza kucheka, na machozi yakawa yanatoka, na safari hii hapakuwa na vitunguu. Kofia akamletea maji. Zimebaki siku thelathini na tatu.

9 Mei

Tunatafuta ukungu wa kijani. Sahani zote za zamani zilikwisha kupita kwenye sufuria ya mvuke. Kofia ameleta kile kikofia cha ukubwa wa kikombe, binti yangu amekisugua kwenye agari kwa matumaini. Siku tatu baadaye tutajua.

12 Mei

Kikofia hakina kitu. Nachemsha vizuri mno.

13 Mei

Tumeacha sahani wazi dirishani, kwenye sinki, mlangoni, juu ya friji, na kwenye benchi la nje Kofia anapokulia karanga. Inashangaza kuona watu wawili wazima wakiomba uchafu uje.

"Karibuni, karibuni," Kofia anaziambia sahani. "Bibi mwenye spiriti ametoka."

16 Mei

Zimeota aina sita. Nyeusi, ya waridi, mbili nyeupe, ya manjano, na moja inayotambaa kama nywele. Hakuna ya kijani. Binti yangu amekula nusu ya chakula chake. Mkwe wangu alijitolea kucha zake zichunguzwe. Zikachunguzwa. Zina oili.

18 Mei

Mvua kubwa. Ndoo ya kona ilijaa mara mbili. Nilipokuwa naimwaga ya pili niliona maji hayadondoki tena kutoka darini peke yake, yanachuruzika nyuma ya ubao wa misumari. Ubao huo nimeupangusa kila siku tangu Machi. Mbele.

Nilimwita Kofia na bisibisi. Aliung'oa taratibu. Ukuta wa nyuma ulikuwa na doa pana la kijani, laini kama manyoya, na katikati yake, pale kofia ilipokuwa ikigusa ukuta kupitia ufa mpana wa ubao, kulikuwa na alama ya mviringo.

Alipiga mluzi. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja, akanitazama.

"Piga tu," nilimwambia. "Leo umeruhusiwa."

19 Mei

Doa la kijani limepewa mrija na namba: 213. Kofia aliandika lebo kwa mkono wake, polepole, ulimi ukitoka pembeni ya mdomo. Kisha akapeleka mkono mfukoni akatoa karanga.

"Nje," nikasema.

"Lakini si tumeona uchafu una faida, Mama?"

"Uchafu tunaoutaka umeshawekewa lebo. Huo mwingine nenda nao benchini."

20 Mei

Sahani arobaini. Kumi za 41 peke yake, kumi za 213 peke yake, kumi za wote wawili pamoja, kumi zisizo na kitu ila bakteria. Spiriti, moto, kimya. Kofia ana mikono myepesi ajabu akiwa haogopi.

21 Mei

Hakuna la kuona.

22 Mei

Hakuna la kuona. Nimeshona vifungo vya mkwe wangu, hata visivyokatika.

25 Mei

Kumi za 41: hakuna. Kumi za 213: hakuna. Zisizo na kitu: maziwa matupu. Zenye wote wawili: tisa kati ya kumi zina nafasi safi, na kwenye hizo tisa upande mnene unaelekea 213.

Binti yangu alizihesabu, Kofia akazihesabu, mimi nikazihesabu. Kisha binti yangu akanishika mkono nyuma ya friji, ambako hakuna anayeona, kama alivyokuwa akinishika sokoni alipokuwa na miaka mitatu na hatukujua hata neno moja la mji huu.

Siandiki kwamba ukungu ni kama mtu. Mkwe wangu alilisema hilo mezani jioni: kwamba hata yeye bila wapinzani mtaa wa pili angekuwa bado anaziba pancha kwa gundi ya zamani. Kila mtu anajitafutia maana yake. Mimi nilifurahia namba tu. Tisa kati ya kumi. Muda mrefu sikuwahi kufurahia kitu kizima namna hiyo.

2 Juni

Tumerudia. Kumi kati ya kumi. Mvua zimepungua, asubuhi kuna harufu ya ardhi inayokauka.

Nimeliandika upya daftari lote la kumbukumbu. Misalaba ipo, ishirini na mitatu, kwa wino, na maelezo chini ya kila mmoja. Jina la aliyeiweka limeandikwa pia. Nilimuuliza kwanza. Alifikiri siku mbili, akasema, "Andika."

9 Juni

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Mwenyekiti ni mwanamume mrefu, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kifuani. Aliingia akatazama ndoo, akatazama ukuta uliovuliwa ubao, akanitazama mimi.

"Na huyu mama ni nani?"

"Muosha vyombo," nilijibu kabla binti yangu hajapata neno la heshima zaidi.

Binti yangu alieleza. Hakuficha kitu: sahani zilizochafuka, sahani zilizokatwa, usafi wangu, misalaba. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani ya machoni.

"Daktari, nikikuelewa vizuri, unaomba chumba na friji ili ufuge uchafu."

Mjumbe wa pili alicheka kidogo. Nikaona ule mstari kwenye paji la uso la binti yangu.

"Nani aliziona hizi sahani zikiwa na mchafuko?" Mwenyekiti aliuliza. "Nani anathibitisha? Ninaona alama tu kwenye karatasi."

Hapo Kofia alisimama. Hakuwa na kofia. Kichwa chake kimeanza upara katikati, ndiyo siri waliyokuwa wakitunziana na marehemu mkewe.

"Mimi," alisema. "Nilizichafua, nikazikata, nikanyamaza. Kazi yangu ya zamani iliniponyoka kwa jambo hilo hilo. Mkiamua na hii iniponyoke, sawa. Lakini alama ni za kweli. Zile sahani pale mezani zimefunikwa lebo, na zote tumezikata kipande pembeni, yenye kijani na isiyo nayo. Chagua mwenyewe, mzee. Niambie zipi zilikuwa na mgeni, zipi hazikuwa naye."

Kulikuwa na sahani kumi na mbili zenye lebo zilizobandikwa karatasi. Binti yangu alikuwa amezipanga kwa ajili ya baadaye. Kofia alizileta mapema. Mwenyekiti alivaa miwani ya kifuani. Aliinua ya kwanza kuelekea dirishani. Aliitazama kama mtu anayesoma barua ya mwanawe. Akaiweka kulia. Ya pili kushoto. Ya tatu kushoto. Hakuna aliyesema neno, na kwa mara ya kwanza katika chumba kile sikuwa nimewaamrisha.

Alipomaliza, sita zilikuwa kulia, sita kushoto. Mjumbe wa tatu, mwanamke mfupi aliyekuwa hajafungua mdomo tangu aingie, alibandua karatasi moja moja. Zote za kulia zilikuwa na wote wawili. Zote za kushoto zilikuwa na mmoja tu.

"Hata mimi ninaona," Mwenyekiti alisema, kwa sauti ya mtu aliyekerwa. "Na mimi ni mwanahesabu."

Wakatoka kwenda kushauriana. Walikuwa nje muda wa kuosha sahani thelathini na moja.

Friji inabaki kwa miaka miwili. Nusu ya chumba, upande wa dirisha la pili, inakwenda kwa idara nyingine. Watajenga ukuta wa mbao. Kofia anabaki, kwa barua ya onyo itakayokaa kwenye faili lake. Binti yangu alitaka kuikatia rufaa barua hiyo hapo hapo. Kofia alimzuia.

"Acha, Daktari. Hii nimeifanyia kazi."

10 Juni

Jua. Tumehamisha meza.

27 Juni

Sijaandika kwa wiki mbili kwa sababu hapakuwa na wakati, na hilo peke yake lingenifurahisha.

Hospitali ya mkoa ilitukopesha bakteria kumi na moja waliotolewa kwenye vidonda vya wagonjwa waliolazwa sasa hivi, wote wa ile aina sugu. Kila mmoja amepewa sahani yake, pamoja na 41 na 213. Leo tumesoma majibu.

Saba wamekufa. Wanne wameota kana kwamba hatupo.

Binti yangu alitaka kumi na moja. Alikaa na kalamu mkononi akiwatazama wale wanne, na najua atakuwa nao mwaka mzima. Kofia alisema wanne hao wana vichwa vigumu kama mjomba wake. Mimi nimesoma vya kutosha kujua kwamba sahani si mwili wa mtu. Kutoka hapa mpaka kwenye kidonge ni miaka kumi kila kitu kikienda sawa, na mara nyingi hakiendi: pengine kitu hiki kitaua figo kabla ya kuponya mguu. Kidonge hicho sitakiona.

Lakini kule kwetu, masika ya mwisho kabla hatujaondoka, barabara ilifungwa na shehena ya dawa haikufika. Nilifungua kabati la penisilini kila asubuhi kwa wiki tano, nikijua halina kitu, kwa sababu wagonjwa kwenye foleni walikuwa wanatazama. Niliwajua kwa vidonda vyao. Siku zile ningetoa chochote nilichokuwa nacho ili kumponya hata mmoja wao.

Nimeandika saba kwenye daftari kwa wino, nikahesabu tena, ni saba.